Lori Lililolala Wima Likaamka Limeinama

Ndugu msomaji, yamkini umewahi kupanda basi la safari ndefu alfajiri, ukaliona limeinama upande mmoja mfano wa mtu mwenye mguu mfupi. Kisha dereva akawasha injini, na baada ya dakika chache basi likajiinua polepole, likakaa sawa, nawe ukasahau. Palikuwa na tundu mahali fulani chini yako, na kupitia tundu hilo upepo ulikuwa umetoroka usiku kucha. Basi likaondoka nalo tundu lake.

Nimeamua kuandika juu ya tundu hilo kwa sababu nyumba nyingi za wasomaji wa kurasa hizi zinamtegemea mtu aliye barabarani: baba, mume, kaka, au kijana aliyemaliza shule akaenda kuwa utingo wa lori. Mtu huyo akipiga simu nyumbani na kusema, "Gari limekaa chini, nimechelewa," aliye nyumbani hushindwa kujua kama anaambiwa kweli au anachezewa. Ni vema ajue.

Mahali nilipojifunza habari hizi ni Tunduma. Mji huu wa mpakani umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na maisha yake yote yanazunguka barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikavuka hapa na kuingia Nakonde, Zambia. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwa njia hii kuelekea bandarini. Mafuta na shehena nyinginezo hupanda. Oktoba mwaka 2019 marais wa nchi mbili, Magufuli na Lungu, walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Hata hivyo foleni haikukoma kabisa. Zimekuwapo nyakati ambapo ilirefuka kwa kilomita kadhaa.

Anayengoja katika foleni hiyo hulala ndani ya kichwa cha lori. Nyuma ya kiti pana kitanda chembamba, pembeni jiko dogo la gesi, sufuria mbili, dumu la maji, na aghalabu picha ya watoto iliyobandikwa juu ya kioo. Wapo madereva ambao kwa mwaka mzima hulala usiku mwingi zaidi katika kitanda hicho kuliko katika kitanda cha ndoa. Kwa hiyo ninaposema kwamba lori ni nyumba, sisemi kwa mafumbo.

Sasa nyumba hiyo imekalia nini? Magari mengi hukalia springi za chuma, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Lakini mabasi mengi ya siku hizi, vichwa vingi vya malori na baadhi ya matela hukalia maputo: mifuko minene ya mpira iliyoimarishwa kwa nyuzi, iliyojazwa upepo kwa nguvu. (Wasomi husema "hewa"; mafundi wa Tunduma husema "upepo", nami nawafuata mafundi.) Wazo si geni. Mwaka 1888 huko Belfast daktari wa mifugo aitwaye Dunlop alifunga mipira yenye upepo katika kibaiskeli cha magurudumu matatu cha mwanawe ili mtoto asirushwerushwe na mawe. Mwaka 1953 General Motors ya Marekani ilianza kuuza basi la safari ndefu ambalo mwili wake mzima ulibebwa na maputo, na tangu hapo abiria duniani kote wakaanza kulala usingizi njiani.

Nguvu ya puto ni hesabu ya darasani. Chukua puto ambalo eneo lake la kubebea ni duara lenye upana wa sentimita 30. Eneo hilo ni kama sentimita za mraba 707. Likijazwa upepo unaosukuma kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, puto moja hubeba zaidi ya tani tatu na nusu. Tafadhali ishike namba hiyo akilini, kwa maana tutairudia pale atakapotokea mtu aliyelala chini yake.

Upepo wenyewe hutoka katika kompresa inayozungushwa na injini, ukapita katika kikaushio kinachonyonya unyevu, ukaingia katika matangi. Kutoka matangini hugawanyika. Sehemu moja ni ya breki, na sehemu nyingine ni ya maputo. Baina ya hizo mbili huwekwa vali ya ulinzi ambayo, upepo ukipungua, hufunga njia ya maputo ili breki zibakiwe na chakula chao. Karibu na ekseli pana vali nyingine ndogo yenye mkono, ambayo kazi yake ni kupima kimo: gari likizidiwa na mzigo likashuka, mkono huinuka na vali huongeza upepo, mzigo ukipungua gari likapanda, mkono hushuka na vali hutoa upepo nje. Lori la kawaida huweza kuwa na vali moja tu ya namna hii nyuma, ilhali basi mara nyingi huwa nazo tatu, moja mbele na mbili nyuma. Tofauti hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, na ndiyo iliyomtoa jasho mgeni mmoja niliyemkuta upande wa Mpemba.

Wageni hao walikuwa wawili, mume na mke, wazee wenye mvi kutoka Ulaya, wakielekea kusini kwa gari-nyumba: gari kubwa lenye kitanda, choo, jiko na hata kabati la vitabu. Kila asubuhi waliamka nyumba imeinama upande wa kushoto nyuma, hata vikombe vikateleza mezani. Katika mji mmoja walikopita walishauriwa kwamba puto la kushoto limekufa. Wakanunua jipya kwa fedha nyingi, likafungwa. Asubuhi iliyofuata nyumba ikainama vilevile, upande uleule.

Fundi waliyeelekezwa ni mzee mfupi anayefanya kazi chini ya mwembe kando ya barabara, mwenye karai, brashi kuukuu ya kupakia rangi, na kopo la sabuni ya unga. Alisikiliza mkasa wote kwa kutafsiriwa, kisha akaomba jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: aonyeshwe tangi la maji ya kunywa. Lilikuwa kushoto. Jiko lilikuwa kushoto. Betri nazo kushoto. Akacheka. Gari lile lilikuwa na vali moja ya kimo nyuma, na maputo yake mawili yaliunganishwa kwa mrija mmoja. Popote upepo utakapotokea, yote mawili hupungua kwa pamoja, na nyumba huinamia palipo na uzito. Kuinama kwake kulionyesha lilipo tangi la maji, na hakukuonyesha lilipo tundu.

Tundu lilikuwa kulia. Mrija wa plastiki ulipita juu ya ukingo wa chuma, na kwa maelfu ya kilomita za mtikisiko ukingo ule ukawa msumeno. Ufa ulikuwa mfupi kuliko punje ya mchele.

Nilikaa na mzee huyo kwa siku mbili, nikitazama anavyofanya, na nitakusimulia kwa sababu utaratibu wake ni uleule unaoutumia nyumbani mtoto anapoleta baiskeli yenye pancha. Hukimbilii kununua tairi. Unajaza upepo, unazamisha mpira ndani ya beseni, unangoja mapovu. Lori halizami katika beseni; basi beseni huletwa kwa lori.

Kwanza gari huegeshwa mahali tambarare na magurudumu huzuiwa kwa magogo mbele na nyuma. Injini huachwa ikinguruma mpaka matangi yajae, na dalili ya kujaa ni mpumuo mkubwa wa ghafla kutoka katika kikaushio. Vijana wengi wageni katika kazi huruka wakidhani kitu kimepasuka. Ule si uvujaji, ni kikaushio kinachotema maji yake. Baada ya hapo injini huzimwa, na mzee hupima kwa shubiri nafasi iliyopo kati ya tairi na chuma kilicho juu yake, pembe zote nne, akaandika kwa chaki ubavuni mwa gari. Kisha huketi. Hunywa chai. Dereva mwenye haraka huona huo kuwa uvivu, lakini saa moja ya kungoja hujibu swali ambalo spana haiwezi kujibu: ni kona ipi inayoshuka, na kwa kasi gani.

Akirudi hupima tena. Ikiwa kona moja tu imeshuka katika gari ambalo kila upande una vali yake, mtuhumiwa ni puto la upande huo, mrija wake, au vali yake. Ikiwa nyuma yote imeshuka sawasawa, hutazama mambo ambayo pande mbili zinashirikiana. Hutazama pia geji ya upepo iliyo mbele ya dereva, lakini haiamini peke yake, na hapa ndipo nilipojifunza jambo jipya. Geji ile kwa kawaida husoma upepo wa breki. Kwa kuwa vali ya ulinzi ikifunga huutenga upepo wa breki na ule wa maputo, geji huweza kusimama imara ilhali maputo yanakwisha. Dereva husema, "Upepo upo, tazama!" Naam, upo, lakini upo kwingine.

Halafu huja masikio. Mzee alipendelea saa za usiku, foleni ikitulia na jenereta za vibanda zikizimwa, kwani tundu kubwa hujisema lenyewe. Tundu dogo halisemi, na hilo ndilo la sabuni. Povu zito hupakwa kwa brashi katika viungio vyote vya mirija, kuzunguka mabano ya juu na ya chini ya puto, na katika mikunjo ya mpira wenyewe, kwa maana mikunjo ndiyo huzeeka kwanza. Jua huipasua, mchanga huisugua, mafuta ya injini yanayodondoka huilainisha mpaka inakuwa kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Mkunjo wenye nyufa nyembamba za juu juu bado hauvuji, lakini mzee huuonyesha kwa dereva na kumwambia uhai uliobaki. Mahali penye uvujaji povu huvimba, likawa kiputo, kikapasuka, kikazaliwa kingine.

Vali ya kimo huachwa mwisho, ingawa ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ina tundu lake halali la kutolea upepo. Ikiwa tundu hilo linapumua bila kukoma wakati gari limesimama kimya na mkono wa vali uko katikati, basi vali imeharibika ndani, mara nyingi kwa kutu na uchafu unaotokana na maji. Wakati mwingine vali ni nzima kabisa ila kifimbo kinachouunganisha mkono wake na ekseli kimevunjika. Mkono huning'inia, vali hudhani gari limepanda mno, nayo hutoa upepo kwa utii. Maputo huanguka na hakuna tundu popote. Mzee alinionyesha puto zima, lisilo na kosa lolote, lililotupwa kwa ajili ya kifimbo kisichozidi urefu wa kalamu ya shule.

Katika miezi ya Juni na Julai kazi huongezeka. Tunduma iko juu, na baridi ya alfajiri hukaza mipira na kulegeza viungio. Gari linaloamka limeinama saa kumi na moja huweza kuwa wima saa tano jua likishapanda, na dereva akaapa kwamba limepona.

Nimefika sasa kwa yule mtu aliyelala chini.

Ukitembea kando ya malori alfajiri utaona miguu. Ni miguu ya matingo, vijana wa miaka 18 au 20, iliyochomoza kutoka chini ya matela, huku kichwa na kifua vikiwa kati ya ekseli na chesisi. Kijana amesikia mlio, ameingia kuutafuta. Juu yake hakuna jeki, hakuna gogo, hakuna stendi ya chuma; pana upepo peke yake, na upepo wenyewe ndio unaotoroka. Akigusa kiungio kilichochoka kwa spana, au akiuvuta mkono wa vali ili aone kitakachotokea, puto huweza kutoa pumzi yake yote kwa muda mfupi kuliko wa kutamka jina la mama yake. Zile tani tatu na nusu hushuka.

Mzee wa Mpemba hamruhusu mtu kuingia chini kabla magogo ya mti mgumu hayajawekwa kati ya chesisi na ekseli, na kabla yeye mwenyewe hajayasukuma kwa mguu. Nilimwona akimrudisha dereva aliyekuwa anaharakisha, kwa maneno makali ambayo siwezi kuyachapa katika gazeti la familia. Nilimwuliza kijana mmoja mahali pengine kwa nini hafanyi hivyo. Akanijibu, "Shikamoo mama, magogo hayo ningeyapata wapi? Dereva anasema foleni ikisogea tukiwa bado, tunarudi nyuma ya wote." Nikamwuliza ameandikwa na nani kazini. Akasema hakuandikwa; dereva humlipa kutoka katika posho yake.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye uvujaji mwingine. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini au wategemezi wake akifa. Lakini kijana asiye na mkataba wala jina katika daftari la mwajiri atathibitishaje kwamba alikuwa mfanyakazi? Mama yake atakwenda kudai akiwa na nini mkononi? Mwenye lori ajuaye kwamba gari lake halitembei bila msaidizi, kisha akamwachia dereva amtafutie kijana na kumlipa kichinichini, amejiondolea gharama kwa kuiweka juu ya mgongo wa familia maskini. Siwezi kulisema hilo kwa upole zaidi.

Dereva naye ana shinikizo lake. Nilielezwa na zaidi ya mmoja kwamba siku ya matengenezo huhesabiwa kuwa uzembe wao na hukatwa katika malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuacha mlango huo wazi. Mwajiri anayetaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara hawezi kufanya hivyo bila ridhaa yake. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi chake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mrija uliosagwa na ukingo wa chuma hauwezi kuitwa kosa la dereva. Wake wa madereva wanaosoma ukurasa huu wangeweza kuukata na kuuweka ndani ya pochi ya mume.

Shinikizo hilo ndilo linalozaa dawa za njiani. Iliyo maarufu ni kuukunja mrija unaovuja na kuufunga kwa waya, ili puto moja life na mengine yaendelee kula. Lori huondoka, na machoni pa asiyejua kazi imekwisha. Kumbe kona ile sasa imekalia kipande kigumu cha mpira kilichowekwa kwa dharura. Kila shimo la barabara hupigwa moja kwa moja katika chesisi, mzigo huegemea upande, na tairi huanza kusugua. Dawa nyingine ni kuacha injini ikinguruma usiku kucha ili kompresa ishindane na tundu. Kompresa haipumziki, huchemka, mafuta yake hupita pamoja na upepo na kuingia katika vali za breki. Kilichoanza kama nyumba kuinama huishia katika pedali.

Ndiyo maana mzee humaliza kila kazi kwa breki, hata kama hakuitiwa breki. Hujaza matangi, huzima injini, huachia breki magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa magogo, na kutazama geji kwa saa ya mkononi. Katika mafunzo ya madereva wa Marekani kiwango ni kwamba katika hali hiyo upepo usipungue zaidi ya paundi 2 kwa inchi ya mraba kila dakika kwa gari lisilo na tela, na paundi 3 kwa lenye tela moja. Mzee hakusoma Marekani. Kipimo chake ni kwamba akivuta sigara moja hadi mwisho, mshale usiwe umesogea upana wa ukucha. Nilipopima kwa saa yangu niliona yeye ni mkali kuliko Wamarekani. Kisha hufungua vizibo vya chini ya matangi na kumwaga maji. Kutoka katika tangi la lori moja lilitoka supu ya kahawia, karibu kikombe kizima, nayo ikanuka mafuta. Alimwita dereva aje aitazame.

Dereva huyo alikuwa na puto moja lililokwisha kabisa na hakuwa na jipya. Shehena yake ilikuwa shaba. Alitaka kujua kama anaweza kwenda hivyo hivyo mpaka Mbeya, ambako mwenye lori angemtumia vipuri. Mzee alimwambia apakue nusu au angoje vipuri viletwe Tunduma kwa basi. Akabisha kwamba ni kilomita zipatazo 100 tu. Mzee akamtajia vituo vya njiani kwa utaratibu, Vwawa, Mlowo, Senjele, Songwe, Mbalizi, Iwambi, na alipofika Senjele na Iwambi alisita kidogo kila mahali, kwa kuwa kila dereva wa njia hii anajua walioanguka katika miteremko hiyo.

Dereva alitoa simu, akampigia kwanza mwenye lori, akapokea maneno mengi akiwa amesimama kimya. Kisha akampigia mkewe na kumwambia hatafika Jumapili. Vipuri vilikuja kwa basi la siku ya pili.